Watoto 150, waliofika watano: kisa cha rufaa za masikio wilayani Thyolo

Katika wilaya ya Thyolo, kusini mwa Malawi, watoto 150 walipewa rufaa ya kwenda kutibiwa masikio. Waliofika hospitali ni 5. Ni asilimia 3 tu.

Watoto hao walikuwa wametafutwa. Kambi za uchunguzi ziliwekwa karibu na vijiji, walezi wakahimizwa kuwaleta wenye shida ya kusikia au ugonjwa wa masikio, wataalamu wakawachunguza, na waliohitaji huduma zaidi wakaandikiwa rufaa. Kwa sisi tunaofanya kazi vijijini, kumpata mtoto ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na hapa ilikuwa imeshafanyika. Mama alikuwa amekubali kwamba mwanawe ana tatizo. Aliacha shamba, akambeba mtoto, akapanga foleni, akasikiliza. Halafu watoto 145 wakarudi nyumbani na karatasi mkononi, na habari yao ikaishia hapo.

Matokeo hayo ya utafiti yalichapishwa mwaka 2017, na tangu hapo yamekaa kichwani mwangu. Thyolo sijawahi kufika. Mimi ni tabibu wa upande wa Tanzania, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya katika zahanati za ukanda wa chai wa Rungwe. Wale wanaolijua eneo hilo wanajua kwamba ukishuka Kyela na kuvuka mto Songwe umeshaingia Malawi. Karatasi za rufaa nimeziandika kwa mkono wangu kwa miaka, na kwa muda mrefu nilidhani kuandika rufaa ni kutoa huduma. Kisa cha Thyolo ndicho kilichoniondoa katika dhana hiyo, kwa hiyo nitakichambua kama mtu ambaye kinamhusu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu nusu ya matatizo yote inatokana na kuudharau. Yako mengi yanayoharibu usikivu wa mtoto: homa ya uti wa mgongo, surua, matatizo ya kuzaliwa, sindano za baadhi ya dawa kama jentamaisini zikitolewa bila uangalizi. Lakini linalojaa kwenye madaftari yetu ya wagonjwa wa nje ni sikio linalotoka usaha. Linaanza na mafua ya kawaida. Maambukizi yanapanda kutoka nyuma ya pua kwa njia nyembamba inayoiunganisha na sikio la kati, usaha unajaa nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto analia usiku kucha, kisha ngoma inapasuka na usaha unatoka. Mtoto ananyamaza, analala. Nyumbani wanashukuru Mungu kwamba amepona, kumbe kilichokwisha ni maumivu tu.

Mara nyingi tundu hilo huziba lenyewe. Lisipoziba, usaha unaendelea, unakauka wiki hii na kurudi wiki ijayo. Mwongozo wa kutibu watoto tunaoutumia nchi nyingi za Afrika unaweka mpaka kwenye siku 14: usaha wa chini ya hapo ni maambukizi ya ghafla, mtoto anapewa dawa ya kumeza, ukifika siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu, na hapo tiba inabadilika kabisa. Dawa ya kumeza haisaidii sana tena. Linalosaidia ni kulikausha sikio na kutia matone ya antibayotiki ya jamii ya siprofloksasini kwa wiki mbili.

Kukausha ni jambo dogo ambalo watu wengi hawajawahi kufundishwa. Unachukua kipande cha kitambaa safi kinachonyonya maji, unakisokota kama utambi, unakiingiza sikioni taratibu, kikilowa unakitoa na kuweka kingine, mpaka kitoke kikavu. Mara tatu kwa siku. Ndipo unatia matone, kwa sababu dawa ikitiwa juu ya usaha inaelea tu. Hakuna kijiti, hakuna mafuta, hakuna maji. Mama yeyote anaweza kuifanya akionyeshwa mara moja na kupewa nafasi ya kuirudia yeye mwenyewe mbele yako.

Bila hayo, mtoto anaishi na sikio bovu miaka mitano, kumi. Usikivu unapungua kidogo kidogo. Kwa baadhi yao ngozi inaota ndani mahali pasipotakiwa na kuanza kula mfupa, usaha unakuwa na harufu kali, na maambukizi yanatafuta njia: nyuma ya sikio panavimba, upande mmoja wa uso unapooza, au usaha unaingia kwenye ubongo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliweka vifo vinavyotokana na matatizo ya ugonjwa wa sikio la kati kuwa kama 21,000 kwa mwaka duniani. Ni watu waliokufa kwa ugonjwa ambao jirani yao angekwambia ni wa kitoto, utaisha akikua.

Lugha yetu nayo inachangia, na hili nimelifikiria sana. Kwa Kiswahili, mtoto ambaye masikio yake hayafanyi kazi na mtoto mtukutu wote tunasema "hasikii". Tumelelewa na methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwalimu akiita mara tatu bila kujibiwa, neno lililo tayari mdomoni ni hilohilo, na fimbo iko karibu. Nimewaona watoto walioletwa kwangu kwa kidonda cha mguu, nikichungulia sikio nakuta tundu kwenye ngoma pande zote mbili, na bibi anashangaa: "Kumbe hakuwa mkaidi."

Sasa turudi Thyolo. Ni nchi ya chai, vilima vya kijani na mashamba makubwa yaliyopimwa tangu enzi za ukoloni. Sensa ya 2018 ilihesabu watu zaidi ya 700,000 katika wilaya hiyo. Mashamba ya chai yakichukua ardhi nzuri, familia inabaki na kipande kidogo cha mahindi ambacho mara nyingi hakitoshi mpaka mavuno yanayofuata. Kati ya mwisho wa mwaka na Machi, wakati mahindi bado yako shambani, nyumba nyingi za kusini mwa Malawi huishi kwa kibarua cha siku hiyohiyo.

Wataalamu wa masikio hawakuwa Thyolo. Walikuwa Blantyre, kwenye Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, hospitali kubwa kuliko zote nchini humo, ambayo wenyeji huiita Queens tu. Na unaposema wataalamu, kwa Malawi ya miaka ile unasema karibu mtu mmoja. Kwa muda mrefu nchi ile ilikuwa na daktari bingwa mmoja wa upasuaji wa masikio, pua na koo, Dkt. Wakisa Mulwafu, kwa watu zaidi ya milioni 15. Alisaidiwa na matabibu wachache waliofunzwa kazi hiyo. Malawi haikuwa peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu usikivu, iliyotoka mwaka 2021, inasema asilimia 78 ya nchi za kipato cha chini zina chini ya daktari mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni moja. Ripoti hiyohiyo inahesabu watu zaidi ya milioni 430 duniani wanaohitaji msaada wa usikivu, na karibu asilimia 80 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mtu akiona takwimu kama hizo anakimbilia kusema: madaktari ni wachache, tusomeshe wengine. Ni kweli. Lakini kinachonigusa katika kisa cha Thyolo ni kwamba Dkt. Mulwafu mwenyewe ni mmoja wa waandishi wa utafiti ule. Daktari pekee wa nchi nzima, ambaye angeweza kusema mikono yake imejaa, alikuwa anauliza mbona watoto wale hawakumfikia. Daktari alikuwapo Blantyre. Watoto 145 hawakwenda.

Kutoka makao makuu ya wilaya ya Thyolo hadi Blantyre ni kilomita kama 40 za lami. Ukimwambia hivyo mtu wa Dar es Salaam, atakwambia hiyo ni Kibaha, unakwenda asubuhi na mchana umerudi. Ndivyo tunavyofikiri sisi tunaoandika rufaa. Tuihesabu safari hiyo upya, kama anavyoihesabu mwanamke anayechuma chai na ana watoto wanne.

Kwanza hakai makao makuu ya wilaya. Anakaa kijijini, na barabara ya lami ni mwendo wa miguu wa saa moja au mbili, au baiskeli ya kukodi ambayo Malawi huiita kabaza. Baiskeli ina bei yake. Barabarani anasubiri basi dogo, ambalo haliondoki mpaka lijae. Akifika Blantyre anateremkia stendi, na kutoka stendi hadi hospitali ni nauli nyingine au mguu mwingine, katika mji asioujua, na mtoto ambaye hasikii magari. Anafika hospitali saa nne, wakati waliolala mjini wameshapanga foleni tangu alfajiri. Anauliza masikio ni wapi, anaelekezwa jengo ambalo silo. Akifanikiwa kuonwa, huenda akaambiwa mtoto anahitaji kipimo cha usikivu, arudi siku fulani. Kama jioni imefika, atalala wapi? Atakula nini? Watoto watatu waliobaki nyumbani wako na nani? Na siku ile ya chai, ambayo ingelipwa, imekwenda.

Matibabu yenyewe katika hospitali za serikali Malawi ni bure. Neno hilo "bure" limetudanganya wengi katika sekta ya afya, kwa sababu linahesabu kinachotokea ndani ya lango la hospitali tu. Gharama ya mama huyu imekwisha kabla hajaligusa lango.

Watafiti waliketi na walezi 23 ambao watoto wao hawakwenda, wakawasikiliza kwa kina, na sababu zikajikusanya katika mafungu saba: hospitali ilipo, ukosefu wa usafiri, gharama nyingine zinazoambatana na matibabu, hofu na kutojua hali ya hospitali ya rufaa, kasoro za utaratibu katika kambi zenyewe, uelewa mdogo wa tatizo la usikivu, na huduma kutoonekana wala kupatikana karibu. Walizieleza kama sababu zinazoshikana, na hapo ndipo pana ukweli mkubwa. Nauli peke yake haikumzuia mtu. Nauli ikijumlishwa na kutojua utalala wapi, ikijumlishwa na mtoto ambaye leo anacheza vizuri na usaha umekauka, inakuwa ukuta.

Hofu ndiyo ninayotaka kuikalia kidogo, kwa sababu sisi wahudumu huipita haraka. Hospitali kubwa katika macho ya kijiji ni mahali pa mwisho. Rungwe utasikia wakisema, "Ukiona wamekupeleka huko, ujue mambo yameshakuwa makubwa." Mtu anamkumbuka shemeji yake aliyepelekwa na kurudishwa kwenye jeneza. Shemeji alipelekwa akiwa amechelewa, lakini kijiji hakihesabu hivyo. Sasa unamwambia mama ampeleke hapo mtoto anayekula, anayekimbia, kwa ajili ya sikio. Na kuna aibu ndani yake: kuonekana mshamba, kuzungumza na watu wenye haraka, kuulizwa maswali usiyoyajua mbele ya foleni. Mtu mzima anaogopa kupotea ndani ya jengo. Haliandikwi kwenye fomu, lakini lipo.

Na zile kasoro za kambini. Walezi wa Thyolo walitaja utaratibu wa kambi kama kikwazo, na mimi naweza kukueleza jinsi jambo hilo linavyotokea kwa sababu nimelifanya. Siku ya kambi watu ni wengi. Jua linazama, gari linataka kuondoka. Unaandika rufaa, unasema "mpeleke hospitali kubwa", unaita anayefuata. Hujasema siku gani, jengo gani, amwone nani, abebe nini. Mama ameitikia kwa heshima, maana kwa desturi zetu hukatizi maneno ya daktari. Wewe umeelewa kwamba amekubali. Yeye amebaki akijiuliza kama ni kesho, au mpaka aitwe, au gari lile lile litarudi kumchukua.

Nieleze kisa changu mwenyewe. Katika zahanati moja niliyofanya kazi, aliletwa mvulana wa miaka saba, sikio la kulia linatoka usaha tangu akiwa mdogo, una harufu. Alilelewa na bibi yake. Mama yake alikuwa kazi za ndani mjini. Nilichungulia, nikaona jambo lililopita uwezo wangu, nikaandika rufaa ya kwenda mjini. Nakumbuka niliiandika vizuri, kwa mwandiko unaosomeka, nikapiga muhuri. Nikaona nimetenda haki.

Miezi kadhaa baadaye nilipita karibu na nyumba yao kwenye chanjo, nikamsalimu bibi, "Shikamoo." Aliitikia, akaniketisha, akaingia ndani. Alitoka na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha kuzaliwa, na rufaa yangu, haijakunjika hata pembe.

"Karatasi yako ninayo, daktari," akasema. "Nimeitunza."

"Bibi, mbona hamkwenda?"

"Nauli ya kwenda ningeikopa. Ya kurudi ningemwomba nani kule?"

Sikuwa na jibu. Yule bibi aliitunza karatasi yangu kuliko nilivyomtunza mjukuu wake. Aliamini kuna dawa ndani ya ile karatasi. Nilikuwa sijampa hata matone ya kutumia wakati akingoja, kwa sababu siku ile hatukuwa nayo na niliona si kazi yangu kuyatafuta, ilhali nilishampeleka kwa wakubwa.

Wazee husema sikio la kufa halisikii dawa. Husemwa kwa mtu asiyeonyeka. Mimi siku hiyo niliisikia kwa maana yake ya juujuu, na nikaona inavyotuaibisha: sikio la mtoto yule halikuwa la kufa, na dawa haikuwahi kulifikia.

Sasa linganisha na jambo jingine lililofanyika Thyolo hiyohiyo. Malawi ina wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii wanaolipwa na serikali, wanaoishi na watu, wanaofahamu ni nyumba ipi ina mtoto gani. Kundi lao lilipewa mafunzo mafupi ya masikio na usikivu: kuchungulia sikio, kutambua usaha na nta iliyoziba, kufundisha ukaushaji, kujua nani apelekwe mbele. Vilihusika vituo vya afya kumi, nusu vikiwa na wahudumu waliofunzwa. Utafiti huo nao ulichapishwa 2017. Wahudumu waliofunzwa walitambua watu 1,739 waliodhaniwa kuwa na matatizo ya masikio au usikivu, na 860 kati yao wakahudhuria kambi zilizowekwa huko huko karibu nao.

Karibu nusu. Weka kando ya asilimia 3. Najua si haki kuzilinganisha kama mizani ya duka: kundi la kwanza lilikuwa watoto tu, mazingira ya kambi yalikuwa tofauti, na nusu ya pili haikufika hata pale huduma ilipokuwa jirani, jambo ambalo nalo linadai maelezo. Hata hivyo wilaya ni ile ile, umaskini ni ule ule, imani kuhusu masikio ni zile zile. Wale waliosema watu wa vijijini hawathamini masikio ya watoto wao watafute maneno mengine. Huduma ilipopunguza safari, na aliyeizungumzia alipokuwa mtu ambaye mama anamjua kwa jina, watu walikuja.

Baadaye, katika kazi iliyochapishwa 2019, watafiti walirudi kwenye rufaa yenyewe na kujaribu kuitengeneza. Waliandaa kijitabu cha maelezo, ushauri kutoka kwa mhudumu wa afya akiwa pamoja na mama ambaye mtoto wake ameshapitia huduma hiyo, na ujumbe wa simu wa kukumbusha. Ninaipenda sana sehemu ya yule mama. Mimi na miaka yangu ya chuo siwezi kumwambia mlezi, "Nilishuka stendi nikauliza, lango ni lile la pembeni, wanaanza kuita majina saa mbili, wangu hakupigwa sindano." Mama mwenzake anaweza. Hofu ya jengo inaondolewa na mtu aliyeingia akatoka.

Kama ningeulizwa wilaya ifanye nini kesho, nisingeanza na hospitali kubwa. Ningeanza na rafu ya dawa ya zahanati. Matone ya siprofloksasini ya sikio yamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kuwamo katika orodha na kuwamo rafuni ni mambo mawili tofauti, na kila tabibu wa kijijini anajua. Masikio mengi ya usaha yangekaushwa pale pale bila safari yoyote. Rufaa ingebaki kwa yule mwenye harufu kali, uvimbe nyuma ya sikio, uso uliopinda, kichwa kinachouma na kutapika, au kwa yule ambaye sikio limekauka lakini hasikii. Mwenye uvimbe nyuma ya sikio apate dozi ya kwanza ya dawa na kuondoka siku hiyohiyo. Tukiwapeleka wote tunaijaza foleni ya daktari mmoja kwa kazi ya kitambaa na matone, na tunawachosha walezi ambao tutawahitaji waende pale itakapokuwa lazima.

Halafu ningemtafuta mtu wa katikati. Kenya imekuwa ikiwasomesha matabibu stashahada ya juu ya masikio, pua na koo kupitia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya kada za afya, na wanarudi kufanya kazi katika hospitali za kaunti. Tabibu kama huyo akiwa na kifaa cha kuchungulia sikio, taa ya kichwani na mashine ya kunyonya usaha, anaweza kumaliza sehemu kubwa ya yale ambayo mimi niliyaita "yamepita uwezo wangu". Bingwa aje wilayani kwa tarehe zinazojulikana, zinazotangazwa msikitini, kanisani na kwenye mkutano wa kijiji.

Tanzania tulifurahi, nami nilifurahi kwa dhati, Muhimbili ilipoanza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto ambao awali walipelekwa India. Ni hatua kubwa na madaktari wetu wanastahili heshima yake. Lakini mtoto hawezi kupata kifaa kile kabla mtu hajagundua kwamba hasikii, na kuligundua hilo akiwa bado mdogo, na ugunduzi huo unafanyika kliniki ya mama na mtoto, kwa muuguzi mwenye watoto sitini wa kupima uzito asubuhi hiyo. Vivyo hivyo na vile vifaa vidogo vya kuvaa sikioni. Betri yake hudumu wiki moja au mbili. Kama betri inauzwa mjini tu, kifaa kitalala kabatini kabla muhula haujaisha, na mtoto atarudi kuwa yule "asiyesikia".

Rufaa zangu sasa zina mambo ambayo hakuna fomu inayoyadai. Naandika siku na saa baada ya kupiga simu kule anakokwenda. Naandika jina la jengo na ninachora njia kutoka langoni. Namuuliza mlezi, kabla hajainuka: utatoka nyumbani saa ngapi, utapanda nini, nani atabaki na wadogo, na kama mkilala, mtalala wapi? Maswali hayo huchukua dakika tano, na mara nyingi jibu la moja wapo linaonyesha kwamba hatakwenda. Hapo tunatafuta njia nyingine: kusubiri mshahara wa chai, kumwunganisha na mwenzake anayekwenda wiki hiyohiyo, kumwomba mwenyekiti wa kitongoji azungumze na ndugu. Siyo kila mara inafanikiwa.

Daftari langu la rufaa lina safu tatu za kawaida: tarehe, jina, sababu. Ya nne niliichora mwenyewe kwa rula, nikaandika juu yake "Amefika?" Mstari wa kwanza katika safu hiyo ni wa mjukuu wa yule bibi. Alisindikizwa na mjomba wake, baada ya mavuno, na rufaa ile ile iliyotoka kwenye mfuko wa nailoni. Nimeandika "ndiyo", na tarehe yake ni miezi kumi na mmoja baada ya ile niliyoipigia muhuri.